Kabla Hujanunua "Seli Shina": Jinsi Yai na Mbegu Vinavyoanza

Mtu aliyetafuta mtoto kwa miaka mitano habembelezwi sana ili atoe pesa. Wauzaji wanalijua hilo. Ndiyo maana kwenye makundi ya WhatsApp, saluni na hata ndani ya daladala, matangazo ya dawa za kuzibua mirija na kusafisha kizazi hayakauki, na siku hizi yamepata mwenzao mwenye jina la kisomi: virutubisho vya seli shina. Unaambiwa ukinywa, seli zako zilizolala zitaamka, zigeuke mayai kwa mwanamke au mbegu kwa mwanamume, na baada ya miezi mitatu utarudi na ushuhuda.

Kinachowapa wauzaji hao nguvu ni kwamba nusu ya maneno yao ni kweli. Maabarani, wanasayansi huchukua seli ya damu au ya ngozi ya mtu mzima, wakairudisha kuwa seli shina, kisha wakaielekeza kwa molekuli chache hadi iwe seli ya uzazi ya hatua za mwanzo. Mmoja wa watu walioifikisha elimu hiyo hapa ilipo, Profesa Azim Surani, alizaliwa mwaka 1945 mjini Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, ziwa hilihili linalopiga mawimbi Kirumba na Kayenze hapa Mwanza. Nusu ya pili ya maneno, ile inayosema kazi hiyo yaweza kufanywa na kidonge au unga wa kukoroga, ni uongo. Ukiielewa vizuri nusu ya kwanza, hutahitaji mtu wa kukuthibitishia ya pili.

Akiba inayowekwa mapema

Mimba ikiwa na wiki mbili hadi tatu tangu kutungwa, wakati mama ndiyo kwanza anajiuliza mbona siku zake zimechelewa, kiinitete hakijazidi punje ya ulezi. Moyo haujajengeka sawasawa, ubongo haupo. Lakini tayari kundi dogo la seli limeshatengwa kando. Halitajenga ngozi wala mfupa wala ini. Hizo ndizo seli za uzazi za asili, na kutokana nazo hupatikana kila yai na kila mbegu atakayokuwa nayo mtu huyo maishani.

Ajabu ni kwamba hazizaliwi pale zitakapofanyia kazi. Kufikia wiki ya nne zinaonekana kwenye ukuta wa kifuko kilicho nje ya mwili wa kiinitete. Kutoka hapo husafiri zenyewe, zikipita kando ya utumbo unaoanza kujengeka, hadi kwenye matuta mawili madogo yaliyo karibu na mahali pa figo. Matuta hayo ndiyo yatakuwa ovari au korodani. Njiani huongozwa na kulindwa na protini zinazotolewa na seli za jirani, na zile zinazopotea njia kwa kawaida hufa. Wataalamu wanaamini kwamba chache zisipokufa ndizo huja kuleta aina fulani za uvimbe kwa watoto, kwa mfano ule unaoota chini ya uti wa mgongo.

Zikishafika, hesabu ya mtoto wa kike na ya mtoto wa kiume huachana kabisa. Ovari za mtoto wa kike aliye tumboni, mimba ikiwa ya miezi mitano, huwa na seli milioni 6 hadi 7. Akizaliwa zimebaki milioni 1 hadi 2. Akivunja ungo zimebaki laki 3 au 4, na katika miaka yake yote ya uzazi atapevusha mayai yapatayo 400 tu. Nyingine hufa kimyakimya kila mwezi, awe ametumia dawa za uzazi wa mpango au hajatumia, awe amezaa au hajazaa. Kwa hiyo yai lililokufanya wewe lilianza safari mama yako alipokuwa bado tumboni mwa bibi yako.

Mwanamume yeye hubaki na seli shina za mbegu ndani ya korodani, na tangu kubalehe hadi uzeeni zinazalisha kila siku. Mbegu moja huchukua siku zipatazo 74 kutengenezwa, kisha hukaa siku kadhaa ikikomaa kwenye mrija uliojikunja nyuma ya korodani. Ndiyo sababu daktari akikutibu leo hukuambia urudi kupima baada ya miezi mitatu. Muuza virutubisho naye hutaja miezi mitatu hiyohiyo, ila yeye ameiazima.

Nani huiambia seli iwe nini

Kila seli ya mwili wako ina maagizo yote: ya kuwa jicho, ya kuwa utumbo, ya kuwa yai. Haiyatumii yote. Inatumia yale ambayo jirani zake wameiambia iyatumie, na jirani husema kwa molekuli. Seli moja inatoa protini au homoni, nyingine inaipokea kwenye ukuta wake, na ndani ya kiini chake jeni fulani zinawaka na nyingine zinazima.

Kwa seli za uzazi, ishara inayotajwa kuliko zote ni protini iitwayo BMP4. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba viinitete vya panya visivyo na jeni ya protini hiyo havipati seli za uzazi hata moja. Ungetegemea basi kwamba BMP4 ndiyo "dawa ya mayai". Sivyo. Protini hiyohiyo, mahali pengine na siku nyingine, huchangia kujenga mfupa, damu na ngozi; hata herufi za jina lake zimetokana na kazi ya mfupa, kwa sababu huko ndiko jamii hiyo ya protini ilikogunduliwa kwanza. Inayoamua ni hali ya seli inayopokea, siku yenyewe, kiasi cha ishara, na ishara nyingine zilizotangulia.

Wafugaji wa sato kwenye vizimba wanaijua kanuni hii bila kuisomea. Sato jike hukua polepole kuliko dume, na bwawani huzaa ovyo hadi samaki wote wanadumaa. Hivyo mfugaji hutafuta vifaranga dume watupu. Njia moja inayotumika sana kwenye vituo vya kutotolesha ni kuyeyusha homoni ya kiume, methiltestosteroni, kwenye spiriti, kuinyunyizia kwenye chakula cha unga, kukikausha kivulini, kisha kuwalisha vifaranga wachanga kwa siku 21 hadi 28. Kiasi ni takriban miligramu 60 kwa kila kilo ya chakula. Kifaranga ambaye vinasaba vyake ni vya kike hujenga korodani, na akikua hutoa mbegu zinazorutubisha mayai. Lakini siku ndizo hizo. Ukianza vifaranga wakiwa wameshapevuka, chakula kilekile, homoni ileile, hakikupi dume.

Kwa binadamu jinsia haiamuliwi na chakula. Kwenye wiki ya sita au ya saba ya mimba, jeni moja iliyo kwenye kromosomu Y huanzisha ujenzi wa korodani; isipokuwepo, matuta yale huelekea kuwa ovari. Hakuna mti, mlo wala siku ya kukutana inayobadilisha hilo, hata kama aliyekuambia ni mtu unayemheshimu.

Ipo ishara nyingine inayofaa kutajwa kwa sababu chanzo chake kiko jikoni. Ili yai au mbegu ipatikane, seli ya uzazi lazima igawanye kromosomu zake 46 zibaki 23. Moja ya ishara za kuanza mgawanyo huo ni asidi ya retinoiki, ambayo mwili huitengeneza kwa vitamini A, ile ya viazi lishe, mchicha, maembe na maini. Katika ovari za mtoto aliye tumboni ishara hiyo huachwa ifanye kazi. Katika korodani kuna kimeng'enya kinachoivunja, hivyo mbegu husubiri hadi balehe. Usije ukatoka hapa na wazo la kumeza vidonge vya vitamini A. Ukizidisha wakati wa mimba, hasa miezi mitatu ya mwanzo, inaweza kumletea mtoto ulemavu. Mlo wa kawaida unatosha; nyongeza ni ya daktari kuamua.

Kutoka Kisumu hadi Cambridge

Surani alifanya shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge chini ya Robert Edwards, mwanasayansi ambaye kazi yake ya kurutubisha yai nje ya mwili ilimleta duniani Louise Brown mwezi Julai 1978. Kijana huyo wa Kisumu akajiuliza jambo lililoonekana la kipuuzi: kwa nini panya asizaliwe na mama wawili, bila baba? Kila upande si una kromosomu kamili?

Alijaribu. Viinitete vyenye vinasaba vya majike wawili vilianza vizuri, vikafa kwa kukosa kondo la nyuma linalofaa. Vyenye vinasaba vya madume wawili vilijenga kondo, lakini kiinitete chenyewe kikaharibika. Mwaka 1984 alichapisha jibu, na maabara nyingine ya Marekani ilifikia jibu hilohilo mwaka huohuo: vinasaba vya baba na vya mama vinabeba alama tofauti za kemikali, na jeni kadhaa husomeka upande mmoja tu. Alama hizo huwekwa ndani ya seli za uzazi. Seli ya uzazi ikizaliwa hufuta alama alizopewa mtu na wazazi wake, kisha huandika mpya kulingana na jinsia ya mwenye mwili. Huko kufuta na kuandika upya ndiko kunakowatesa wataalamu wa maabara hadi leo, na ndiko ambako hakuna unga wa kukoroga unaokugusa.

Mwaka 2015 kundi la Surani, likishirikiana na watafiti wa Israeli, lilionyesha kwamba seli shina za binadamu zinaweza kuelekezwa kuwa seli za uzazi za mwanzo, na kwamba swichi kuu ni jeni iitwayo SOX17. Wengi walishangaa, maana kwa panya jeni hiyo haina cheo hicho. Ilikuwa onyo kwamba kilichofanya kazi kwa panya si lazima kifanye kazi kwa mtu. Kwa kazi hizi na nyingine, mwaka 2025 Surani alipewa Tuzo ya Kyoto nchini Japani.

Nini hasa hufanyika humo maabarani? Seli ya damu au ngozi hurudishwa kwanza kuwa seli shina kwa njia aliyoigundua Shinya Yamanaka: mwaka 2006 kwa panya, 2007 kwa binadamu. Halafu, kwa karibu siku mbili, huogeshwa kwenye ishara mbili zinazoiweka tayari. Bila siku hizo mbili, BMP4 ikija haipokelewi inavyotakiwa. Kisha seli elfu tatu hadi tano hudondoshwa kwenye kishimo kimoja cha sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Kishimo kimechongoka chini na ukuta wake haushiki seli, kwa hiyo zinajikusanya zenyewe kuwa kijitufe. Hapo hutiwa BMP4, kwa kiwango kama nanogramu 200 kwa mililita, pamoja na protini nyingine tatu za kuzifanya ziishi. Kufikia siku ya nne hadi ya sita, sehemu ya kijitufe hicho huwa imewasha SOX17. Zilizobaki zimekwenda kuwa kitu kingine, ingawa zilikaa kishimo kimoja na kunywa supu moja.

Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Mwaka 2018 maabara ya Mitinori Saitou, aliyewahi kufanya kazi na Surani kabla ya kurejea Japani, ilizifikisha seli za binadamu hatua inayotangulia yai kwa kuzilaza pamoja na seli za ovari changa za panya kwa miezi ipatayo minne. Mwaka 2024 maabara hiyohiyo ilionyesha kwamba ishara ya jamii ya BMP, ikiendelezwa kwa miezi, inatosha kuzifanya seli zifute alama za zamani na kuongezeka zaidi ya mara bilioni 10 bila seli za panya. Watu wa fani hiyo walishangilia, na wana haki. Hata hivyo hizo bado si mayai wala mbegu. Mgawanyo wa kutoka 46 hadi 23 haujakamilishwa kwa njia hiyo, na alama mpya hazijaandikwa.

Kwa panya wamefika mbali zaidi. Mbegu za namna hii zilileta watoto wenye afya mwaka 2011, mayai mwaka 2012, na mwaka 2023 Katsuhiko Hayashi wa Japani alitoa mayai kutokana na seli za panya dume. Tazama hesabu yake: viinitete 630 vilipandikizwa, wakazaliwa saba. Kwa panya hiyo ni habari njema. Kwa binadamu hakuna daktari mwenye akili timamu anayeweza kumwambia mama ajaribu. Hadi sasa hakuna mtoto wa binadamu aliyezaliwa kwa yai au mbegu iliyotokana na seli shina, na Uingereza, iliyoijenga sehemu kubwa ya elimu hii, sheria yake inakataza kuzitumia kwa matibabu.

Kwa hiyo mtu akikuambia ana bidhaa ya kugeuza seli shina kuwa mayai, muulize maswali ya kawaida tu. Ni molekuli gani iliyomo, na inafikaje kwenye ovari bila kumeng'enywa tumboni, maana BMP4 ni protini, na protini ukiila tumbo huifanya lilivyowafanya dagaa wa jana? Imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kama dawa ya kutibu ugumba? Akikuonyesha cheti, soma kimetolewa na nani na kwa ajili ya nini. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vyakula ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Cheti cha chakula ni cha usalama wa chakula, hakisemi kwamba chakula hicho kinatibu.

Ukiwa Mwanza, anzia hapa

Nenda hospitali mkikutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba haijaingia. Kama mwanamke amefikisha miaka 35, msingoje zaidi ya sita. Kama hedhi haionekani kabisa, au mwanamume ana korodani ambayo haikushuka, au mmoja wenu aliwahi kutibiwa saratani, nendeni mapema zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita hukutana na tatizo hili wakati fulani wa maisha. Si laana ya ukoo wenu.

Na muende wawili. Kwa karibu nusu ya wenzi wenye tatizo, upande wa mwanamume una mchango. Mazungumzo ya kliniki, hasa kwa familia za wavuvi, mara nyingi huenda hivi:

"Mama, mwenzio yuko wapi?"

"Yuko kambini, dada. Anasema yeye hana shida, ana mtoto wa nje."

"Huyo mtoto ana umri gani?"

"Yuko darasa la sita."

"Basi mwambie mbegu za miaka kumi na mbili iliyopita si za leo. Akishuka kutoka ziwani, uje naye."

Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vipimo vyote vya mwanamke, hakichomi na hakimkati mtu, ndiyo maana kinapaswa kutangulia. Mwanamume akae bila kufanya tendo kwa siku mbili hadi saba. Sampuli ichukuliwe kwa mkono, iingie yote kwenye kikopo safi cha hospitali. Si kwenye kondomu, maana kondomu nyingi zina vilainishi vinavyodhuru mbegu, na bila sabuni, mafuta wala mate. Chumba cha hospitali ndicho bora. Akilazimika kuichukulia nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa mfukoni karibu na mwili, si ndani ya mfuko wa maji baridi. Anayeishi Igoma ahesabu foleni ya asubuhi kabla hajaanza; anayeishi ng'ambo ya kivuko cha Kamanga aifanyie hospitalini tu. Jibu la kwanza likiwa baya, kipimo hurudiwa baada ya wiki kadhaa kabla ya mtu kupewa jina la ugonjwa.

Kuna dawa ambazo wanaume huzinunua kujijenga, kumbe zinabomoa. Testosteroni ya sindano, na baadhi ya dawa za gym za kutunisha misuli, huuambia ubongo kwamba homoni imetosha. Ubongo unaacha kutuma ishara zake kwenye korodani, na uzalishaji wa mbegu unashuka, wakati mwingine hadi sifuri. Aliyezitumia amwambie daktari waziwazi. Akiacha, kwa wengi uzalishaji hurudi, ila huchukua miezi.

Upande wa mwanamke daktari ataangalia kama yai linapevuka, kwa historia ya hedhi, damu na ultrasaundi, na kama mirija iko wazi, kwa eksirei ya dawa ambayo mahospitalini huiita HSG. Hapa Kanda ya Ziwa swali la mirija lina uzito wake. Kisonono na klamidia zisipotibiwa hupanda hadi kwenye mirija na kuacha kovu, na wanawake wengi hawana dalili yoyote wakati ugonjwa unapanda. Mwanza ina historia yake katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jamii 12 za mkoa huu zilishiriki utafiti uliopima kama kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono kwenye vituo vya afya vya kawaida kungepunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Matokeo, yaliyochapishwa 1995, yalionyesha maambukizi mapya yalipungua kwa takriban asilimia 40, na dunia nzima ikayasoma. Tiba hizo, za vidonge na sindano za kawaida, ndizo zinazoikinga mirija pia. Zinapatikana kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kovu likishakuwepo, hakuna majani ya kunywa yatakayolifuta. Mirija hufunguliwa kwa upasuaji, au hupitwa kwa upandikizaji wa kiinitete kilichotungwa nje ya mwili.

Kichocho nacho kisisahaulike. Kile cha ufukweni na visiwani, Ukerewe na Kome, hushambulia zaidi utumbo na ini. Kile cha mkojo wa damu, kinachopatikana zaidi kwenye madimbwi na malambo ya bara, kwa mwanamke kinaweza kutaga mayai kwenye shingo ya kizazi, ukeni na hata kwenye mirija, kikaleta vidonda, damu baada ya tendo na ugumba. Mara nyingi hutibiwa kimakosa kama ugonjwa wa ngono, dozi baada ya dozi, na ndoa inaingia shaka bure. Uliyekulia kwenye majaruba ya mpunga au uliyekuwa ukichota maji lamboni, mtajie daktari hilo bila kuulizwa. Tiba ni prazikwanteli, kwa uzito wa mwili, na inapoza zaidi ikiwahi.

Ikibainika kwamba yai na mbegu vipo ila havikutani, upandikizaji wa kiinitete unawezekana. Kampala walipata mtoto wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2004, Nairobi mwaka 2006, na Dar es Salaam huduma ipo. Gharama ni kubwa, na mzunguko mmoja haukuhakikishii mtoto. Kabla hujauza kiwanja, ulizia kwa maandishi gharama za dawa, za maabara, na za kurudia. Kliniki yoyote inayokuahidi mayai ya seli shina, ondoka.

Mwisho ni kwa wazazi na ndugu wa wagonjwa wa saratani, kwa sababu huko ndiko sayansi ya akina Surani inakoweza kuja kusaidia mapema zaidi. Kanda hii ina limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayovimbisha taya au tumbo, iliyoelezwa na Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958. Hospitali ya Rufaa ya Bugando hupokea watoto hao kutoka mikoa yote ya ziwa, na ugonjwa huu una sifa ya kuitikia dawa vizuri ukiwahiwa. Moja ya dawa zake kuu, saiklofosfamidi, kwa dozi kubwa huweza kuua seli za uzazi. Hilo si sababu ya kukataa dawa hata siku moja; kwanza mtoto apone. Lakini muulize daktari jumla ya dozi itakuwa kiasi gani, uiandike kwenye daftari la mtoto na ulitunze, kwa sababu atakapofikia umri wa kuoa au kuolewa ndiyo taarifa ya kwanza atakayoulizwa na mtaalamu wa uzazi. Kijana aliyekwisha kubalehe, aulize kuhusu kuhifadhi mbegu kwenye baridi kali kabla ya dripu ya kwanza. Baada ya dripu ya kwanza, ubora wa sampuli unaweza kuwa umeshaharibika.